Barua kwa mwanangu: marafiki wa msimu na marafiki wa kudumu

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku Mtwara hatujambo, na kifua cha baba yako kimepoa. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kwa nini marafiki zako wa chuo wanapotea mmoja mmoja tangu uhamie Dodoma, wala hamkugombana, na utamjuaje rafiki wa kweli.

Wengi wa hao hawakukudanganya. Mlikuwa marafiki wa mahali: bweni moja, foleni moja ya chakula, mitihani ileile. Mahali pakiisha, urafiki wa namna hiyo hupoa wenyewe. Waache waende kwa heri, na mkikutana stendi mkumbatiane.

Wa kuangaliwa ni wa msimu. Umekulia huku, unajua minada ya korosho ikianza Oktoba na fedha zikiingia benki, jinsi kila mtu anavyogeuka ndugu. Hao angalau wanaonekana. Anayeumiza ni yule anayekuja miezi ya njaa, akiba imekwisha na mtoto anadaiwa sare ya shule. Anakukopesha kwa maneno laini, tutalipana korosho zikianguka, halafu siku ya malipo anakuja na bakuli lake la kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo, na kukupimia kwa bei ya kutupa. Nimeona nyumba zimekosa mazao ya mwaka mzima kwa "rafiki" wa aina hiyo.

Sasa mfikirie mama yako mkubwa wa Mikindani. Msimu wa 2018 wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima tukakataa kuuza, Serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kusomba. Tulipokuwa tunasubiri fedha, naye anasubiri zake, asubuhi moja akaingia na kapu la makopa ya muhogo na pweza mkavu. Hakuniuliza nina shida gani. Alivua baibui, akashika mchi, tukatwanga yale makopa huku ananisimulia habari za wajukuu wake. Alasiri akaondoka. Mpaka leo lile kapu halijatajwa.

Watu husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ni kweli, lakini kwetu huku msibani huja kila mtu, hata mliyenuniana naye. Mimi humtazama mtu siku ya heri. Ulipochaguliwa kwenda chuo, wapo waliouliza ada tutaitoa wapi. Mama mkubwa alipiga vigelegele toka mlangoni mpaka uani, na wakati huo wa kwake alikuwa amefeli. Hilo silisahau.

Usiseme umbali ndio umeua urafiki wenu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji tulivuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika barabara ya Dar ilikuwa haipitiki. Mama mkubwa alikaa Dar miaka hiyo. Kila aliyesafiri alibeba barua yetu, hata ya mistari mitatu: mtoto ameota jino, nazi zimepanda bei, kanga niliyokwambia nimeipata. Mambo madogo hayo ndiyo yaliyotushika. Ninyi mnangoja habari kubwa ndipo mpigiane simu, na habari kubwa ni chache.

Na wa hapo Dodoma usikate tamaa nao mapema. Kaka yako alinisomea utafiti wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani. Anasema mtu mpaka awe rafiki wa karibu huchukua zaidi ya saa 200 za kuwa pamoja, na saa za kufanya kazi pamoja hazisaidii sana; zinazosaidia ni za kukaa na kupiga soga. Miezi miwili ya ofisini utazipata wapi? Jumamosi karibisha mtu mmoja kwako, pika wali wa nazi, mkae.

Limebaki la yule mwenzio wa Morogoro mliyelala chumba kimoja, uliyemkopesha laki mbili akaacha kupokea simu. Kukopa harusi, kulipa matanga, na wengi hukimbia kwa aibu wala si kwa ubaya. Huyu alikuuguza malaria wiki nzima, mimi nilizungumza naye kwa simu usiku. Amua kwanza moyoni: unazihitaji, au unaweza kuziacha? Ukizihitaji, mwambie waziwazi alipe kidogo kidogo, elfu ishirini kwa mwezi, na usimwambie mtu mwingine. Ukiziacha, mwambie umesamehe, kisha usizitaje tena hata mkigombana. Kumweka njia panda, humdai wala humsamehei, ndiko kunakomfukuza.

Mpigie Jumapili jioni, usimwandikie. Akipokea, anza kwa kumuuliza mama yake hajambo.

Mama yako