Kabla ya semina, sogeza kiti

Kwa miaka mingi niliamini huruma mtu huzaliwa nayo: muuguzi anayo au hana. Halafu usiku mmoja, nimesimama miguuni pa kitanda, faili mkononi, nikamuuliza bibi mmoja anaendeleaje. Akanitazama. "Nenda tu mwanangu, naona una haraka."

Sikuwa na haraka. Nilisimama kwa sababu hapakuwa na pa kukaa. Viti vilikuwa vimerundikwa pembeni, nyuma ya stendi za dripu.

Kesho yake nikavuta stuli hadi karibu na mto wake. Wakati wa usafi ikarudishwa pembeni. Nikaivuta, ikarudishwa. Mwishowe tukabandika kipande cha plasta sakafuni kuonyesha mahali pake, na ubishi ukaisha. Ukikaa, macho yenu yanakuwa sawa, na mgonjwa anakutolea hata lile alilokuwa akilimeza.

Mwaka 2023 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa Marekani kuhusu jambo hilihili. Kiti kilipowekwa chini ya mita moja kutoka kitandani, madaktari waliketi mara 38 kati ya 60. Kilipoachwa mahali pake pa kawaida, mara 5 tu kati ya 65. Muda waliokaa na mgonjwa haukuongezeka, lakini wagonjwa waliridhika zaidi. Madaktari hawakuwa wameambiwa kinachopimwa ni nini.

Kwa hiyo, msimamizi wa wodi, kabla ya kuita semina ya lugha nzuri kwa wagonjwa (nimehudhuria kadhaa, mbili nilisinzia), mfuate muuguzi mmoja zamu nzima uone miguu yake inaishia wapi. Kwetu glavu zilikuwa mwisho wa korido, kabati la dawa mwisho mwingine. Aliyesimamishwa na wagonjwa watatu njiani akitafuta glavu hamfikii wa nne na sura ya upole. Tulipoweka boksi la glavu kando ya kila kitanda, kelele kati yetu zilipungua kwanza, kabla hata ya malalamiko ya wagonjwa.

Na wahudumu wapate pa kujificha. Mtoto wa kwanza kunifia mikononi nilimlilia chooni, huku mtu akigonga mlango. Baadaye tuliomba stoo moja, tukatoa makatoni, tukaweka viti viwili na pazia. Komeo bado linasumbua. Tunaegemeza kiti mlangoni.