Kwa nini serikali iwape wenye viwanda pesa za utafiti?

Ndugu, umeuliza kwa nini serikali ya Kanada iliwapa wenye kampuni pesa za utafiti badala ya kuviachia vyuo vikuu. Swali zuri, na jibu limo kwenye masharti ya kupewa pesa hizo. Mpango wa mitandao ya utafiti inayoongozwa na biashara ulitangazwa kwenye bajeti ya 2007, na mwaka 2012 ukafanywa wa kudumu. Serikali haikubeba mzigo peke yake, washirika nao walilazimika kuweka fedha zao. Mtu akitia pesa yake mfukoni mwa mradi, hakubali uishie kabatini.

Tazama GARDN, mtandao wa usafiri wa anga usiochafua mazingira. Ulichangia safari ya Oktoba 2012 ambapo ndege ya jeti, Falcon 20, iliruka juu ya Ottawa kwa mafuta yaliyotokana na mbegu za haradali ya Kihabeshi, bila kuchanganywa hata tone la mafuta ya kawaida. Nyuma yake ndege nyingine iliifuata ikipima moshi wake angani! Mkulima, mkemia na rubani kwenye kazi moja. Chuo kimoja kingewakusanya vipi?

Ninachokipinga ni serikali kutangaza mwishoni mwa 2018 kwamba programu mama ya mitandao hii, Networks of Centres of Excellence (mitandao ya vituo vya ubora), iliyoanza 1989, itafungwa. Utafiti wa namna hii unahitaji miaka mingi, na watu wakishatawanyika kuwarudisha ni kazi.