Ukipanda Treni ya Kifahari Kwenda New Orleans, Usiweke Chapati Kwenye Kabati la Viatu

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Wisconsin aliniandikia: "Kaka, nimeona zile picha zako za 2014 ndani ya behewa la kizamani, umekaa na suti kama balozi. Mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa, tunataka kwenda New Orleans kwa treni kama hiyo. Tupe mwongozo, na usitufiche bei."

Bei niliisahau kwa makusudi, dada yangu. Ninachokumbuka ni kwamba nilidunduliza miezi 14, nikifanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mwisho wake nikawa na pesa za kwenda Tabora na kurudi. Sikwenda Tabora. Nilikwenda New Orleans. Mama alininunia hadi Krismasi.

Habari mbaya uipate mapema. Mabehewa niliyopanda mimi hayamo tena kwenye ratiba. Yalikuwa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, ya katikati ya karne iliyopita, yamekarabatiwa na kupakwa ile rangi ya kahawia na machungwa ya kampuni ya zamani ya Illinois Central, halafu yakafungwa nyuma ya treni ya kawaida iitwayo City of New Orleans, ya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani. Siku hizi mwenye hamu ya behewa la namna ile hukodi kwa watu wanaomiliki mabehewa binafsi, na mara nyingi inalipa mkiwa kundi. Vinginevyo unapanda treni ileile ya kawaida na kuchukua chumba cha kulala. Reli ni moja: kilomita kama 1,500 kutoka Chicago, unaondoka jioni, unafika kesho yake alasiri, yapata saa 19 au 20 ikienda vizuri. Kwa hiyo niliyojifunza hayajapitwa na wakati.

Mambo ya kukata tiketi siyaelezi. Mtu mwenye simu anayaweza.

Nianze na chumba. Nilichukua kile cha mtu mmoja, maana sikuwa na mke wakati ule na rafiki aliyeahidi kuja nami alipata udhuru siku tatu kabla. (Tuliongea tena mwaka 2017.) Chumba kile alikibuni mtu mwenye akili nyingi na huruma kidogo. Mchana kina kiti kimoja kipana kando ya dirisha, sinki linalokunjwa ukutani, na choo. Usiku kitanda kinashushwa kutoka ukutani na kukifunika choo chote. Ukishikwa saa nane za usiku, unarudi kinyumenyume hadi koridoni, unanyanyua kitanda, unaingia tena, unamaliza haja zako, kisha unaanza upya. Nilifanya hivyo mara mbili nikiwa na bukta, treni ikiyumba. Ushauri wa kwanza: punguza vinywaji baada ya chakula cha jioni.

Chini ya ukuta wa koridoni kulikuwa na kijikabati. Nikakifungua, nikakuta kikavu, kisafi, kina ubaridi wa kutosha. Nikasema hawa watu wamefikiria kila kitu, wametuwekea sehemu ya chakula. Nilikuwa nimebeba kuku wa kukaanga na chapati nne, kwa sababu mimi ni mtoto wa Tabora. Kwetu huwezi kupanda treni ukitegemea chakula cha ndani peke yake. Kuna kuku wa stesheni ya Saranda wa kununulia dirishani, lakini mama mwenye heshima zake anafunga na za nyumbani. Nikaviweka humo, nikafunga, nikaenda kuonekana.

Natumia neno hilo nikijua maana yake. Sikwenda kusafiri, nilikwenda kuonekana. Nilinunua suti ya bluu kwa dola 180, tai, na viatu vilivyonibana. Behewa la mwisho lilikuwa na mgongo wa duara, madirisha yamezunguka, viti vya kuzama, na baa ndogo yenye glasi zinazogongana treni ikipiga kona. Nikapiga picha kabla hatujamaliza taa za Chicago. Dirisha, glasi, mkono wangu na glasi, kiatu. Tulipofika Kankakee, mwendo wa saa moja na kitu, simu ilikuwa imejaa na nilikuwa sijaongea na binadamu yeyote.

Ndipo bibi mmoja wa Kizungu, umri wa mama yangu mkubwa, akaninyooshea glasi yake. "Barafu zaidi, tafadhali," akasema, kwa upole kabisa.

Wahudumu wa behewa lile walivaa koti jeupe. Jeupe pe. Mimi nilikuwa na suti ya bluu yenye vifungo viwili na leso ya mfukoni. Miaka imepita na bado naivalia ile suti kichwani, najikagua kwenye kioo, natafuta ni wapi ilipofanana na koti jeupe. Sijaona.

Nilifanya nini? Nilipokea glasi. Nikaenda baa, nikaomba barafu, nikamrudishia. Akanishukuru, akanipa dola mbili. Nikazitia mfukoni, nikarudi kwenye kiti changu na kutazama giza la Illinois, ambalo halina kitu cha kutazama.

Naomba niwe mkweli, maana watu wa ushauri tunapenda kujipamba. Kilichoniuma si yule bibi peke yake. Mzee wangu alikuwa mhudumu wa mabehewa, reli ya kati, Dar hadi Kigoma. Alitandika vitanda vya daraja la kwanza na la pili, akagawa mashuka, akaamsha watu alfajiri wasipitilize stesheni zao. Nilipokuwa shule ya msingi wenzangu waliniita "mtoto wa mashuka". Nilipofika sekondari, kwenye fomu nikawa naandika kazi ya baba: mtumishi wa reli. Hapo hata meneja anaingia. Kwa hiyo pale kwenye kiti cha kuzama nilihisi Tabora imepanda treni nyuma yangu na kunikamata.

Saa nne na kitu nilirudi chumbani. Wakati tukila, mhudumu wa behewa letu alikuwa ameshatandika: shuka limenyooshwa, blanketi limekunjwa pembe, mto umesimama. Alikuwa Mmarekani Mweusi, mtu mzima, mwenye sauti ya taratibu. Alikuwa ameliona tukio zima la barafu.

"Alikupa ngapi?" akaniuliza.

"Mbili."

Akatikisa kichwa. "Mimi tangu Chicago amenipa moja."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu akaniambia habari ambazo miaka yangu yote Chicago nilikuwa sijajisumbua kuzijua, ingawa mtaa wa Pullman, aliojenga George Pullman kwa ajili ya kiwanda chake cha mabehewa, uko upande wa kusini wa jiji lilelile. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Pullman aliajiri wanaume Weusi, wengi wao wakiwa watumwa waliotoka kuachiwa huru, wawe wahudumu wa mabehewa ya kulala. Abiria hawakuuliza majina yao. Walimwita kila mmoja "George", jina la tajiri, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Walifanya kazi hadi saa 400 kwa mwezi, mshahara mdogo, riziki ikitegemea bakshishi. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wafanyakazi chini ya A. Philip Randolph, wakabishana na kampuni miaka 12, hadi 1937 wakapata mkataba. Na ni wao waliokuwa wakisafirisha kimyakimya gazeti la Weusi la Chicago Defender kwenda Kusini, ambako watu walilisoma na kuanza kufunga mizigo kuja Kaskazini. Wakaja maelfu kwa maelfu, kwa reli hiihii niliyokuwa naishuka mimi nikipiga picha kiatu.

Kisha akaniuliza kwa heshima zote: "Bwana, kwenye kabati la viatu umeweka nini?"

Kumbe kijikabati kile kina milango miwili, mmoja ndani na mwingine koridoni. Usiku unaweka viatu vyako, mhudumu anavichukua kwa nje bila kukuamsha, anavipiga rangi, anavirudisha. Yeye alifungua kutafuta viatu akakutana na paja la kuku. Chapati moja nilimpa. Alisema ni nzito lakini ina maana.

Sasa dada yangu, nisikilize hapa, na wengine mnaosoma msijifanye hamuhusiki. Sisi tulio ughaibuni tuna ugonjwa wa kusafiri kwa ajili ya watu walioko nyumbani. Tunakwenda mahali ili fulani aone. Mtu analipa nauli kubwa, anakaa kwenye behewa lililopitiwa na historia ya watu wanaofanana naye, halafu anarudi hajui hata jina la aliyemtandikia kitanda. Muulize jina. Usipige picha saa ya kwanza. Muulize jina, nasema tena, na umwite kwa hilo jina. Mimi nilimuuliza kwa kuchelewa, tukiwa tumeshafika Carbondale usiku wa manane, na nililazimika kuamka.

Asubuhi ukiamka uko Memphis, saa kumi na mbili na ushee, mto Mississippi uko jirani. Hapo mtu asirudi kulala. Baada ya Memphis treni inaingia Delta, mashamba bapa yasiyo na mwisho, na watu wa behewa letu walikuwa wanajadili uji wa mahindi, kama utiwe siagi au jibini. Tunakaribia Greenwood, mhudumu wangu akainama kunimiminia kahawa na kuniambia kwa sauti ya chini kuwa kijiji cha Money kiko jirani. Karibu na kijiji hicho ndiko alikotekwa na Wazungu na kuuawa Emmett Till, mtoto Mweusi wa miaka 14 wa Chicago, Agosti 1955. Alikuja likizo kwa treni ya reli hii. Mwili wake ulirudi kwa treni pia. Sikumaliza kile chakula, na kilikuwa kizuri.

Baada ya Hammond, Louisiana, usikubali mtu akuhamishe dirishani. Kaa kushoto. Treni inapita kwenye vinamasi, miti imesimama majini na mandevu yake ya kijivu, halafu ziwa Pontchartrain linafunguka upande wako kama bahari. Kile kipande kimoja kinalipa nusu ya nauli. Nusu nyingine sijui inalipwa na nini. Labda na mashuka.

New Orleans yenyewe mnaijua kwa sifa. Ina miaka zaidi ya 300, Wafaransa waliianzisha 1718. Kuleni supu ya gumbo, mara nyingi mtakuta bamia humo. Kuleni beignet, ambayo ni mandazi lililomwagiwa sukari ya unga; msivae nguo nyeusi siku hiyo. Pandeni tramu ya St. Charles. Nendeni Congo Square, ambako watumwa walikusanyika Jumapili kupiga ngoma na kucheza. Ila jambo moja nawaomba kabla ya hayo yote: nendeni pembe ya mtaa wa Royal na Press. Hapo tarehe 7 Juni 1892 Homer Plessy, aliyehesabiwa mtu Mweusi, alipanda treni na tiketi yake halali ya daraja la kwanza, akakaa behewa la Wazungu, akakamatwa. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1896 majaji wakaamua kuwatenga watu kwa rangi ni sawa mradi huduma zifanane. Msamaha wa gavana alikuja kuupata Januari 2022, akiwa kaburini muda mrefu. Mimi nilikwenda pale na suti yangu ya bluu. Kuna kibao cha kumbukumbu, reli, majani, na mbwa aliyenifuata hadi barabarani.

Bakshishi: andaa pesa taslimu, na umpe mtu mkononi ukimtazama. Tulipofika stesheni nilimpa mhudumu wangu dola 40, nikaongeza juu yake zile mbili za bibi. Akahesabu, akazitoa mbili, akanirudishia.

"Hizi umezifanyia kazi," akasema.

Nilimpigia mzee Tabora nikiwa bado stesheni, chini ya ile michoro mikubwa ya historia ya Louisiana ukutani. Kwake ilikuwa usiku wa manane lakini alipokea. Habari ya barafu sikumwambia. Hakuuliza mji ukoje, wala nimelipa kiasi gani.

"Walitandika saa ngapi?" akauliza.

"Tulipokuwa tunakula."

"Na blanketi?"

"Limekunjwa pembe, baba. Mto umesimama."

Akanyamaza kidogo, nikadhani simu imekatika.

"Huyo anajua kazi," akasema.