Pikipiki inazima ikipata joto? Ipime kabla haijapoa

Kwa miezi miwili pikipiki yangu, 125 ya zamani ya silinda moja, ilikuwa inawaka asubuhi kwa kiki moja halafu inazima njiani. Haikohoi wala haipungui nguvu, inakatika ghafla kama swichi imezimwa. Nikikaa nayo kando ya barabara dakika 20, inawaka tena kana kwamba haijawahi kuumwa.

Siku iliyoniuma zaidi napandisha kutoka Mombo kwenda Lushoto, nimempakia mama mdogo na kiroba chake cha mchele. Ikazima kwenye kona kabla ya Soni, lori liko nyuma yetu. Mama mdogo akashuka, akakaza kanga yake, akasema, "Mwanangu, hiki chombo kitakuja kukuua." Sikuwa na la kumjibu.

Kabla ya hapo fundi alishasafisha kabureta, akabadilisha plagi, na mwisho nikanunua sidiai (CDI) mpya, kile kiboksi cha umeme kinachotuma cheche kwenye plagi. Fedha imekwenda, ugonjwa upo. Simlaumu fundi, maana kila nilipoifikisha gereji ilikuwa imeshapoa, na ikishapoa ni nzima. Hitilafu ya namna hii inabidi uikamate palepale ilipotokea.

Kwa hiyo nilianza kutembea na plagi ya akiba, spana yake, bisibisi na mita ndogo ya umeme. Ikizima, kwanza fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa ndani na pikipiki ikawaka, kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba, achana na umeme. Isipowaka, funga tangi, chomoa kofia ya plagi, ivishe plagi ya akiba, uilaze igusane vizuri na chuma cha injini. Ile ya ndani iache mahali pake ili petroli isitoke karibu na cheche. Piga kiki. Cheche ya bluu inayosikika "ta, ta" maana yake umeme upo, rudi kwenye mafuta. Usiishike kwa mkono, mshtuko wake ni mkali. Na usipige kiki plagi ikiwa inaning'inia hewani, unaweza kuua sidiai.

Yangu haikutoa kitu. Nikachomoa waya wa kuzimia unaotoka kwenye swichi kwenda sidiai, kwa nyingi za aina hii ni mweusi wenye mstari mweupe. Kwenye mfumo ambao sidiai inalishwa na koili ya sumaku (lile gurudumu lenye sumaku linalozungushwa na injini) badala ya betri, swichi huzima kwa kuupeleka waya huo kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki, kwa hiyo ukiuchomoa umeitoa swichi kwenye kesi. Ikiwaka hivyo, ujue ufunguo hautaizima tena mpaka uurudishe. Bado kimya.

Hapo nikachukua mita. Sidiai inahitaji vitu viwili kutoka upande wa sumaku: umeme wa koili ya kuchaji, na ishara ya kale kakoili kadogo wanakoita pulsa, kanakoiambia ni wakati gani itupe cheche. Pulsa nyingi husoma omu (kipimo cha ukinzani wa waya) 100 hadi 300. Yangu nyumbani, ikiwa baridi, ilisoma 210, safi kabisa. Kando ya barabara, injini ikiwa haishikiki, mita haikusoma chochote. Waya umekatika! Nikangoja huku nimeshika ncha za mita, na baada ya robo saa hivi namba 230 ikajitokeza yenyewe. Nilikaribia kupiga kelele.

Nyumbani niliifungua, nikaifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto, nyaya zikiwa nje. Usomaji ukapanda kidogo, kisha ukapotea. Kupanda kidogo kusikutishe: shaba ikitoka nyuzi 25 hadi 80, ukinzani wake huongezeka kama asilimia 20. Kupotea ndiyo ugonjwa.

Nilikwangua gundi ngumu ya mgongoni taratibu kwa wembe. Pale waya mwembamba kama unywele unapoungana na waya mnene, lehemu ilikuwa na ufa. Baridi ncha zinagusana, joto likiingia zinaachana. Nikakwangua vanishi kwenye ncha, nikalehemu upya, nikaacha waya ulegee kidogo usivutwe na mtikisiko, kisha nikafunika kwa gundi ya mirija miwili inayostahimili joto na oili. Ikalala usiku mzima ikauke. Kama waya umekatikia ndani ya msuko, mpelekee anayesuka mota, au nunua nyingine.

Wakati wa kurudisha, angalia nafasi kati ya pulsa na kile kinundu cha sumaku. Pima kabla hujalegeza skrubu, urudishe vilevile. Yangu ilikuwa sawa na unene wa kadi ya benki, kama milimita 0.8. Ikigusa itasagika, ikiwa mbali sana ishara itakuwa dhaifu na cheche inaweza kukosekana wakati wa kuwasha.

Kabla ya kuiamini niliiacha ikinguruma uani mpaka injini ikapata joto kamili, nikazima, nikapima tena: 250, na namba haikuyumba hata nilipouchezesha waya. Wiki iliyofuata nikampandisha mama mdogo mpaka Lushoto bila kusimama. Pale kwenye kona kabla ya Soni nilimsikia ananishika bega.