Kuku wanakufa kwa kideri: nichanje sasa?

Dada, kwa ulivyoeleza (kinyesi cha kijani, shingo kupinda, kuku watano kufa ndani ya siku tatu) hiyo inafanana sana na kideri, wengine huita mdondo. Hata hivyo mwite afisa mifugo wa kata athibitishe, maana mafua makali ya ndege huanza hivyohivyo.

Jirani aliyekwambia uchanje haraka hajakosea kuhusu chanjo, amekosea wakati. Chanjo haitibu. Kuku aliyekwisha kuambukizwa haimwokoi, na mzima huhitaji wiki moja hadi mbili kujenga kinga. Hiyo OTC (antibiotiki ya oxytetracycline) uliyonunua nayo haiui kirusi cha kideri, usiongeze hela hapo.

Leo watenge wagonjwa, mizoga izike shimo refu au ichome. Na tafadhali usiwapeleke mnadani "kabla hawajafa". Najua inauma kupoteza hela, lakini ndivyo kijiji kizima kinavyoisha kuku.

Ukishasafisha banda, kaa angalau mwezi kabla ya kuingiza wapya. Kisha tafuta chanjo ya kideri iitwayo I-2: tone moja kwenye jicho moja, vifaranga kwa majogoo, urudie kila miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ila jua la moja kwa moja huiharibu, kwa hiyo chanja asubuhi au jioni. Shirikianeni na majirani siku moja, kichupa kina dozi nyingi. Nawa mikono ukimaliza, ikikuingia machoni yatawasha na kuwa mekundu.