Grafu Ikiruka, Usikimbilie Kuhesabu Vumbi

Kila kundi la mafunzo kwa vitendo likifika hapa Dodoma kujaribu vihisi vya vumbi la anga za juu, wiki ya pili haiishi kabla mtu hajaja mbio na daftari: "Shikamoo! Tumepata migongano 40 kwa saa moja!" Marahaba. Kihisi kilikuwa wapi? Dirishani. Saa ngapi? Saa nane mchana. Jamani! Vumbi hapa tunalo la kugawa, ila halitembei kilomita 10 kwa sekunde kama la anga za juu.

1. Joto. Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapozama, na sisi tuliotangulia tulizama vilevile. PZT, yaani ile seramiki ya kihisi inayotoa chaji ya umeme ikigongwa, haihisi kugongwa tu. Ikipashwa au ikipozwa nayo hutoa chaji. Chukua sahani ya milimita 40 kwa 40, unene milimita 2, kama zile nne za MDM, kifaa cha kupima vumbi kilichomo ndani ya chombo cha anga BepiColombo, kilichorushwa mwaka 2018 kwenda sayari ya Utaridi. Digrii moja tu ya joto huifanya itoe chaji ya nusu maikrokulombu hivi. Gawanya kwa kapasita ya nanofaradi 1 iliyo kwenye amplifaya yako ya chaji, ile inayogeuza chaji kuwa volti: volti 500! Amplifaya inalishwa volti 12, kwa hiyo inagonga dari na kukaa hukohuko, kiziwi kwa vumbi lolote. Wingu likipita, mstari unashuka, unavuka kizingiti, oskiloskopu (mashine inayochora ishara kwenye skrini) inanasa, na wewe unaandika "mgongano".

Kinachowaponza ni rezista ya megaomu 100 sambamba na hiyo kapasita. Inaipa saketi sekunde 0.1 ya kukumbuka, muda wa kutosha joto kujikusanya. Weka megaomu 1: kumbukumbu inabaki milisekunde 1, mkondo wa joto unavuja, na ishara ya mgongano haiathiriki kwa kuwa yenyewe ni ya maikrosekunde. Kisha acheni kutazama skrini kwa sekunde nzima kwa kila kigawanyo! Sahani ya milimita 2 hulia karibu na megahezi 1, hivyo sampuli zichukuliwe angalau milioni 10 kwa sekunde. Kilichopanda taratibu bila kulia ni jua. Kilichopanda ghafla bado si lazima kiwe vumbi, maana hata bati la paa likitanuka hupiga "ta!" na meza ikasikia. Dawa yake ni kihisi cha pili, pacha, kwenye bamba lilelile lakini kimefunikwa. Vikisema vyote viwili, futa.

2. Shanga za kioo, zile mnazodondosha juu ya kihisi kukijaribu. Ya milimita 0.2 ikidondoka kutoka sentimita 5 hufika na karibu mita 1 kwa sekunde, na msukumo wake unakaribiana na wa chembe ya maikromita 10 inayokuja kwa kilomita 10 kwa sekunde. Hesabu nzuri, inawapa watu kiburi. Lakini shanga inagusa kwa karibu maikrosekunde 1 na kuruka nzima; chembe inamaliza kazi kwa nanosekunde, inayeyuka, inachimba shimo na kurusha vipande nyuma, hivyo kihisi kinasukumwa zaidi ya uzito mara kasi. Mstari wa grafu ya shanga msiuvute kwa rula mpaka kwenye kasi za angani. Kasi za kweli hupimwa kwa mashine za kurusha vumbi lenye chaji, kama ile iliyojengwa Heidelberg, Ujerumani. Shanga zinawaambia kama kihisi kiko hai na kama gundi imeshika.

3. Gundi ya kubandikia kihisi: epoksi nyembamba, isiyo na viputo.

4. Kebo ifungwe kwa tepu, kwa sababu ikitikisika tu inatengeneza chaji yake.

5. Lehemu isizidi sekunde 2 kwa mguso. PZT ikikaribia digrii 350 hupoteza mpangilio wa ndani, na hapo mtakuwa na kigae cha bei ghali. Cha kujaribia mikono kipo: baza za milimita 27, zile za kengele, ziko droo ya chini. Zimalizeni hizo kwanza.