Matunzo ya mtoto baada ya kuachana: piga hesabu kabla ya kufika mahakama ya Tononoka, Mombasa

Mzazi anafika kwa afisa wa watoto na kusema, "Nataka baba yao atoe elfu kumi na tano kwa mwezi." Akiulizwa zimetokana na nini, hana jibu. Hapo ndipo ombi hudhoofika, kwa maana Kenya haina jedwali linalosema mwenye mshahara huu atoe kiasi hiki. Mahakama hupima mahitaji ya mtoto na uwezo wa wazazi wote wawili. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inawapa baba na mama wajibu sawa, wawe walioana au la.

Basi kaa na kalamu. Kodi ya nyumba usiiandike yote: mama na watoto wawili wakilipa 12,000, sehemu ya watoto ni 8,000. Karo ya 7,500 kwa muhula ni 22,500 kwa mwaka, yaani 1,875 kila mwezi. Sare, viatu na vitabu navyo vigawe kwa 12. Ongeza chakula, matibabu, nauli. Kila mstari uwe na risiti, na pia cheti cha kuzaliwa. Baba akikana mtoto, mahakama inaweza kuamuru kipimo cha DNA.

Afisa wa watoto huwaita nyote wawili bila malipo, na mkikubaliana mwekeane sahihi. Tunashauri makubaliano hayo yapelekwe mahakamani yawe amri, kwani karatasi tupu ikivunjwa huna pa kuishika. Mkishindwana, kesi hufunguliwa Mahakama ya Watoto, Tononoka. Usisahau kuomba amri ya muda siku ileile, kwa sababu kesi huweza kuchukua miezi na mtoto anakula leo. Asiye na uwezo wa wakili aulize FIDA (chama cha mawakili wanawake) au huduma ya serikali ya msaada wa kisheria.

Kwa waliotalikiana kwa Kadhi, kuna kosa linaloumiza watoto wengi: kudhani nafaka, yaani pesa za matunzo, huisha pamoja na eda, ule muda wa mke kungoja baada ya talaka. Inayoisha ni ya mke. Ya watoto inabaki kwa baba yao.

Pesa zipite M-Pesa au benki, karo ilipwe shuleni moja kwa moja. Anayetoa taslimu mlangoni, hata kama ni mwaminifu, atakosa ushahidi siku ya ubishi.

Jambo jingine tunalolisisitiza sana: pesa na kumwona mtoto ni amri mbili tofauti. Baba aliyezuiwa kumwona mtoto asiache kutuma. Aende mahakamani kuomba ratiba. Mama asiyepokea kitu naye asimfiche mtoto. Kila anayelipiza hapa anamwadhibu mtoto, na kesi yake mwenyewe anaiharibu.

Kazi za hoteli za pwani zina msimu. Watalii wakipungua na mshahara ukikatwa, usipunguze kiasi kwa hiari yako, maana deni litaendelea kupanda. Omba amri ibadilishwe mapema, ukiwa na barua ya mwajiri. Anayekaidi huweza kukatwa mshahara au kuitwa aeleze kwa nini asifungwe jela ya madai, yaani kifungo cha asiyelipa deni. Amri kwa kawaida hukoma mtoto akifika miaka 18, lakini kama bado anasoma au ana ulemavu, omba iendelezwe.